Je, Mgeni Anaruhusiwa Kuomba?

Swali hili nilianza kulibeba mwaka 2019, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na mpaka leo sijalitua. Naliandika hapa kwa sababu wengi wenu mnaosoma kurasa hizi ni watu wa kuandika, kama mimi ninayehangaika na riwaya iliyokwama sura ya tatu. Mtu wa kuandika ana tabia ya udokozi. Anaingia nyumba za watu, anaangalia, anatoka na kitu kwenye daftari. Basi nataka mniambie kama nilidokoa au la.

Mwaka ule nilikwenda India. Msinionee kijicho, sikwenda kutalii. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa figo, zote mbili zimechoka, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Kaka yangu mkubwa alikubali kumpa moja ya kwake. Upandikizaji wa figo kwetu Tanzania ulikuwa umekwishaanza Muhimbili tangu 2017, lakini kwa hali ya Mama tukashauriwa twende nje. Kiwanja cha Mbagala kikauzwa. Ukoo ukachanga, msikiti ukachanga, hata wapangaji wenzetu Wakristo wakapitisha daftari la mchango nyumba hadi nyumba. Tukafika Mumbai mwishoni mwa Septemba: Mama, Kaka, na mimi wa kupika, kufua na kukimbia na makaratasi.

Makaratasi yenyewe, we acha tu. India wana sheria ya mwaka 1994 inayokataza biashara ya viungo vya binadamu, kwa hiyo mgeni anayetaka kupewa figo lazima athibitishe mbele ya kamati kwamba mtoaji ni ndugu yake na hajalipwa. Mhuri wa huku, barua ya kule, picha za familia za zamani, cheti cha kuzaliwa cha Kaka ambacho jina la Mama limekosewa herufi moja. Wiki zikapita tunasubiri herufi moja. Mama siku za mashine anarudi amechoka, analala. Kaka anamkalia. Mimi nikishapika, sina kazi. Nikaanza kutembea.

Niseme ukweli, kabla ya hapo kwangu mimi Mhindi alikuwa Mhindi tu. Mwenye duka. Kama kulikuwa na tofauti, sikuijali. Nimepita mtaa wa Kisutu mara mia, kengele za mahekalu zinalia, sikuwahi hata kugeuza shingo. Kwetu Tanga tuna methali yetu kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa, na wala sikuwahi kujiuliza huyo Baniani anaabudu nini. Sasa nipo kwake, nimefuata dawa kwelikweli, na nchi nzima ina watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia mbili. Sensa yao ya 2011 ilionyesha Wahindu karibu asilimia 80, Waislamu zaidi kidogo ya 14, halafu Wakristo, Makalasinga, Mabudha, Wajaini, kila kundi na asilimia yake ndogo ambayo ukiigeuza kuwa vichwa unakuta mamilioni. Waislamu peke yao mwaka ule wa sensa walikuwa wengi kuliko Watanzania wote mara tatu na zaidi. Unaambiwa ni wachache.

Mwenye nyumba wetu pale Mahim alikuwa mama wa makamo, mjane, Mhindu wa kufunga na kusali. Mtaa mzima walimwita Aunty, na sisi tukamwita Aunty. Kila Jumanne alikwenda hekalu la Siddhivinayak kule Prabhadevi, na kila Jumanne jioni alipanda ngazi na kisahani cha vitamu vilivyotoka kwa mungu wake, anatugawia. Kwao chakula kilichokwisha kutolewa hekaluni kina baraka, na kugawa ni sehemu ya ibada. Mara ya kwanza Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka pembeni. Aunty alipotoka akaniambia, “Mwambie kesho nina sukari.” Mama hana sukari. Lakini hakutaka kumuudhi mtu, wala hakutaka kula kilichotolewa kwa sanamu.

Mimi nilikila kwenye ngazi, gizani. Kilikuwa na iliki na samli. Nikajifuta midomo kwa ushungi nikaingia ndani.

Hapo ndipo lilipoanza. Mnisaidie kulifikiria. Mama alisema uongo ili kulinda imani yake na pia kulinda moyo wa jirani. Mimi sikusema uongo, lakini nilikula kwa siri. Nani alimheshimu Aunty zaidi? Nilijiona mstaarabu, msichana wa kisasa asiyebagua. Lakini ukweli ni kwamba nilikula kwa sababu ni kitamu, na Mama alikataa kwa sababu alikichukulia kile chakula kwa uzito uleule aliokichukulia Aunty. Wao wawili walikubaliana kwamba kile si kitamu tu. Mimi ndiye niliyeona ni kitamu tu.

Jumanne iliyofuata nikamwomba Aunty nimfuate. Hekalu lile lilijengwa mara ya kwanza mwaka 1801, ni la Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo, ambaye wanaamini anaondoa vikwazo. Nilifikiria makaratasi yetu nikacheka kidogo moyoni. Foleni ilikuwa ndefu kama ya kugombea daladala Mbagala saa kumi na mbili jioni, ila watu wana shada za maua mekundu na nazi. Viatu vinaachwa nje. Polisi wanakagua mifuko. Ndani ni kusukumana, kengele, moshi, halafu sekunde chache tu mbele ya sanamu, na mtu anakuhimiza upite. Nilisimama kama mtu aliyekuja benki kumsindikiza mwenzake. Mikono nimeibana mbavuni isije ikajikunja yenyewe. Moyoni nasoma Kul-huwallahu, wallahi, kama mtu aliyeingia pagalani usiku.

Sasa kuna panya pale. Panya wawili wa fedha, maana panya ndiye kipando cha Ganesh. Watu wanakwenda kwenye sikio la panya, wanaziba sikio la pili kwa mkono ili neno lisipite upande wa pili likapotea, wananong'ona haja zao. Mimi mwenzenu nikaona sura ya riwaya hiyo! Nikatoa daftari palepale. Nimeandika “panya wa fedha, sikio linang'aa kwa kushikwashikwa”, nikainua kichwa, nikamwona mwanamke wa umri wa Mama ameinama kwenye lile sikio. Alikuwa analia. Hakulia kwa sauti, mabega tu yanatikisika. Alikaa hapo mpaka wa nyuma yake wakaanza kuguna, lakini hakuna aliyemgusa.

Nikalirudisha daftari ndani ya mkoba. Nilihisi nimemchungulia mtu bafuni.

Usiku nikamsimulia Mama, si kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameegemea ukuta, miguu imevimba. Akasema, “Mwanangu, kaa nao, kula kwao ukitaka, wasalimie. Lakini ukiniombea, niombee kwa mlango wetu. Nikifa nataka nijue nimefia wapi.”

Kwa mlango wetu, basi nikaenda Haji Ali. Hilo Mama alilifurahia, akanipa na sadaka. Kaburi la Pir Haji Ali Shah Bukhari liko baharini, juu ya mwamba, unafuata njia ya mawe iliyozungukwa na maji pande zote. Maji yakijaa njia inafunikwa, unasubiri. Upepo, harufu ya chumvi, waombaji wamejipanga, sauti ya kawali. Nilijisikia nyumbani, Tanga Raskazone. Ndani kuna sehemu ya wanawake. Miaka michache kabla ya kufika kwangu wanawake walikuwa wamezuiwa kufika karibu na kaburi lenyewe, wakaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua waruhusiwe. Kwa hiyo niliposimama pale nilikuwa nimesimama kwenye hukumu ya mahakama.

Pembeni yangu walikuwepo wanawake wenye alama nyekundu kwenye paji la uso. Wahindu. Wamekuja kuomba kwa walii wa Kiislamu, na hakuna aliyewauliza. Nao hawakubana mikono mbavuni kama mimi. Halafu nikamkumbuka ustadhi wetu wa madrasa, ambaye aliyaita mambo ya kuomba makaburini kuwa ni shirki, akapiga na meza. Kumbe hata mlango nilioambiwa ni wetu, ndani ya nyumba yetu wenyewe wapo wanaosema si mlango. Nilisoma Fatiha, nikamwombea Mama kwa Mungu moja kwa moja, nikatoka. Sikumwambia Mama habari za ustadhi.

Nilikwenda pia gurdwara ya Makalasinga karibu na Dadar. Pale ushungi wangu ulifaa, maana kila mtu lazima afunike kichwa, mwanamume kwa mwanamke. Unakaa chini mstari mmoja na tajiri na mzururaji, unaletewa chapati na dengu, unakula, unaondoka. Hakuna anayekuuliza dini. Ningeweza kuandika kurasa kumi kuhusu wema ule, lakini wema hausumbui akili kama mambo mengine, kwa hiyo napita.

Walionisumbua ni Waparsi. Hawa ni wafuasi wa Zarathustra, wazee wao walikimbia kutoka Uajemi zamani sana, na sensa ya 2011 iliwahesabu 57,264 tu India nzima. Hawaingii wala uwanja wa mpira mmoja mkubwa, wataingia na nafasi ikabaki. Sisi tunawajua bila kujua, maana yule mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 alikuwa mtoto wa Kiparsi. Nikaenda kwenye hekalu lao moja la moto, nimejifunga ushungi vizuri, nimejiandaa na maneno ya adabu. Mlinzi akaniangalia, akaonyesha kibao. Waparsi tu. Nikajaribu kusema natoka Afrika, natoka karibu na Zanzibar. Akatabasamu, akatikisa kichwa kwa ule mtindo wao ambao hujui ni ndiyo au hapana. Ilikuwa hapana.

Nilikaa kando ya barabara nimekasirika. Nani amewapa haki ya kumfungia Mungu mlango? Lakini hasira ilipoisha nikajikuta nimepumua. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kutembea, nilikuwa nimetendewa kama nilivyo. Sikuwa na haja na ule moto, nilikuwa na haja na habari zake, na yule mlinzi bila kunijua alinijibu sawasawa. Najua wapo kati yenu watakaosema ni ubaguzi. Inawezekana. Hata wao kwa wao wanagombana kuhusu watoto wa binti zao walioolewa nje. Mimi nasema tu nilivyojisikia pale barabarani.

Sasa nije kwenye lile ambalo ndilo hasa.

Bandra, juu ya kilima, kuna kanisa la Bikira Maria ambalo watu wote wanaliita Mount Mary. Njiani kuna vibanda vinauza sanamu za nta. Ukiumwa mkono unanunua mkono, mguu kwa mguu, ukitaka mtoto unanunua mtoto, ukitaka nyumba nyumba. Nimeona hata ndege, ya mtu anayetafuta viza. Unapeleka ndani, unaiacha kwa Bibi Maria. Wanunuzi si Wakristo tu, ni Wahindu, ni Waislamu, ni kila mwenye shida. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati imepitisha, tarehe ya upasuaji imepangwa. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nikamwambia muuzaji, kwa Kihindi changu cha kuokoteza, nataka figo.

Akatafuta kwenye masanduku. Akaniletea moyo. Nikasema siyo. Akaleta kitu kama tumbo. Nikajishika mgongoni, huku na huku. Akaelewa, akacheka kwa huruma. Figo hakuwa nayo. Akaniuzia mtu mzima, mwanamke wa nta mwenye urefu wa kiganja. Rupia hamsini. Nikaingia nikaiacha. Sikukumbuka maneno ya Mama hata kidogo. Au tuseme niliyakumbuka nikayaruka.

Niliposhuka kile kilima nikajiuliza kwa nini natembea hivi. Jibu lililokuja halikunipendeza. Ukoo ulipokaa kikao Dar kuamua nani atoe figo, jina langu lilitajwa. Shangazi akasema, huyu bado msichana, hajaolewa, hajazaa, aachwe. Wakamgeukia Kaka, mwenye mke na watoto wawili. Sikupimwa hata damu. Mbele za watu nikasema, “Mimi nipo tayari jamani.” Lakini Shangazi aliposema niachwe, mwili mzima ulilegea kwa nafuu. Kaka alikuwa ananitazama, na nadhani aliiona ile nafuu.

Kwa hiyo Kaka alitoa figo, na mimi nilitoa rupia hamsini za nta. Milango yote ile, ya hekalu, ya kaburi, ya kanisa, niliizunguka nikitafuta mahali pa kulipia kwa bei rahisi. Kuomba hakukati nyama. Siandiki haya nionewe huruma, naandika kwa sababu mjadala wa dini vijiweni kwetu huwa ni nani ana Mungu wa kweli, na mimi kule India niligundua swali lililonibana ni jingine kabisa: huyu anayeomba amekuja kutoa nini?

Na msidhani nawachorea India ya picha za kalenda, kila dini imeshikana mikono. Tarehe 9 Novemba 2019, tukiwa kulekule, Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ilitoa hukumu ya Ayodhya. Pale palikuwa na msikiti wa Babri, wa zamani za Wamoghuli, na Wahindu wanaamini ndipo alipozaliwa Rama. Tarehe 6 Desemba 1992 kundi la Wahindu liliubomoa kwa mikono na nyundo. Mumbai ikawaka. Katika ghasia za Desemba ile na Januari iliyofuata waliuawa watu wapatao 900, wengi wao Waislamu. Mwaka 2019 mahakama ikasema kubomoa kulikuwa kinyume cha sheria, lakini uwanja wapewe Wahindu wajenge hekalu, na Waislamu wapewe eka tano mahali pengine. Hekalu likaja kuzinduliwa Januari 2024.

Asubuhi ile askari walijaa barabarani. Aunty alipanda ngazi bila kisahani. Akatuambia tusitoke, hasa mimi na ushungi wangu, akatuletea maziwa na mkate yeye mwenyewe. Kisha akakaa kitandani kwa Mama, akasimulia jinsi mwaka 1993 mumewe alivyomficha fundi cherehani Mwislamu kwenye chumba hikihiki tulichopanga. Siku nne. Mama akamshika mkono. Na bado, jioni ileile, nilimsikia Aunty chini anaongea na jamaa zake, wamefurahi, neno Ram linatajwa, peremende zinagawanywa. Sikumwona mnafiki. Ila nilishindwa kumpanga mahali. Kwenye riwaya ningemfanya achague.

Peremende hazikupanda juu siku ile. Nadhani alijua.

Upasuaji ulifanyika katikati ya Novemba, na Alhamdulillahi ukaenda salama. Siku ya tatu Mama akakojoa vizuri, na sijawahi kuona familia inashangilia mkojo vile. Kaka alilala ubavu mmoja wiki nzima, hacheki kwa sababu kucheka kunavuta mshono.

Desemba 6 nilikuwa nimekwenda sokoni Dadar, nikashindwa kupita. Watu maelfu kwa maelfu, nguo nyeupe, bendera za bluu, wanaelekea pwani. Ilikuwa siku aliyokufa B. R. Ambedkar, mwaka 1956, ambaye alizaliwa katika tabaka lililoitwa lisiloguswa, akasoma mpaka akaongoza uandishi wa katiba ya India. Mwaka 1935 alitangaza kwamba kuzaliwa Mhindu hakukuwa hiari yake lakini kufa Mhindu hatakufa. Ilimchukua miaka ishirini na moja. Oktoba 14, 1956, kule Nagpur, akaingia Ubudha pamoja na watu laki kadhaa, na chini ya miezi miwili baadaye akafariki. Yeye alitafuta mlango kwa miaka yote hiyo kwa sababu kwenye nyumba aliyozaliwa hakuruhusiwa kunywa maji kisima kimoja na wengine. Mimi nilikuwa nabadilisha milango kila wiki kama mtu anayejaribu viatu Kariakoo. Niliona aibu kidogo, lakini pia nikanunua kitabu chake barabarani, nikakisoma kwa kamusi.

Mwisho wa Desemba, Mama amepata nguvu, nikaomba ruhusa ya siku mbili. Nilikuwa nimesikia kuna watu weusi Gujarat, wanaitwa Sidi, wazee wao walitoka pande zetu na Uhabeshi, wengine watumwa, wengine askari, wengine mabaharia. Nikapanda treni mpaka Bharuch, mji ambao mwandishi mmoja wa Kigiriki wa karne ya kwanza aliutaja katika kitabu kilekile alichotaja Rhapta ya pwani yetu. Kutoka hapo basi, halafu kilima cha Ratanpur, mahali pa machimbo ya akiki. Shanga za akiki kutoka pande hizo zimefukuliwa mpaka Kilwa. Juu kuna kaburi la Bava Gor, walii Mhabeshi ambaye inasimuliwa alikuwa mfanyabiashara wa akiki, na la dada yake Mai Mishra. Wanaotunza ni Masidi. Wanaokuja ni Waislamu, Wahindu na hata Waparsi, wale wale walionifungia mlango. Wanaletwa wagonjwa wa akili, wenye kupagawa, na ukiwaona unakumbuka upungaji wa kwetu.

Ajuza mmoja alinitazama muda mrefu. Uso wake, jamani, ungeweza kuuona Pangani umekaa kibarazani. Akanionyesha ngoma ndogo iliyotundikwa. Nikauliza jina. Akasema musindo. Nikasema, “Mshindo!” Akasema musindo. Nikamwambia kwetu tunacheza ngoma. Akanisahihisha kwa ukali wa bibi kizaa bibi: goma. Nikasema ngoma. Akasema goma. Kiswahili chake ndicho hicho tu kilichobaki, na hakutaka kukirekebishiwa na mtoto aliyekuja na basi.

Nilidhani pale angalau sitakuwa mgeni. Nilikuwa. Alizungumza Kigujarati, nami Kihindi cha sokoni, tukawa tunaokota maneno yaliyo ya wote: dawa, dua, dunia. Lakini alifanya jambo ambalo hakuna mahali pengine nililofanyiwa. Nilipomweleza kwa ishara habari za Mama, hakunielekeza niingie nikaombe. Aliniuliza jina la Mama. Akalirudia mara mbili mpaka akalipatia. Akaingia yeye kwa Mai Mishra, mimi nikabaki mlangoni na viatu vyangu mkononi. Sikujua anasema nini humo ndani. Nililia palepale, kama yule mama wa panya, na kama kulikuwa na mtu ana daftari sikumwona.

Tulirudi Dar Januari 2020. Kaka amepona, anabeba ndoo. Mama anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na atavimeza maisha yake yote ili mwili usiikatae figo ya mwanawe.

Habari za ile nta nilimwambia Kaka tu, siku moja tukiwa tunakunywa kahawa. Kaka hana siri. Ijumaa moja, miezi mingi baadaye, nikiwa nachambua mchele, Mama akatoka msalani ameshatawadha, akasimama mbele yangu.

“Ile sanamu uliyonipelekea kanisani,” akasema, “ulinunua kiasi gani?”

Ungo ukanitikisika mikononi. Nikasema rupia hamsini.

“Kwa shilingi ni ngapi?”

Nikapiga hesabu. Nikamwambia, kwa wakati ule, kama elfu moja na mia sita.

Hakuniambia kitu kingine. Akafungua pindo la khanga, akahesabu noti moja na sarafu mpaka zikatimia, akaziweka kwenye ungo juu ya mchele, akaenda kusali.